THABITI: NENO LISILOGEUKA KATIKA LUGHA YA PHP

Katika kurasa za jarida hili aghalabu mmezoea kusoma mashairi, hadithi na vichekesho. Leo naomba nafasi kidogo niwaeleze jambo ambalo wengi hudhani haliwezi kusemwa kwa Kiswahili, nalo ni uandishi wa programu za tarakilishi. Sitalimaliza lote, maana kisima hiki ni kirefu na kamba yangu ni fupi. Nitachukua kipande kimoja tu: thamani isiyobadilika katika lugha ya PHP. Nitaeleza inavyoandikwa, inavyotumika, na kwa nini mwandishi asiyeitumia hujitafutia balaa, yeye pamoja na wale wanaomwamini.

PHP ni nini?

Kama vile wanadamu walivyo na lugha nyingi, tarakilishi nazo zina lugha tele za kupewa maagizo. PHP ni mojawapo. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Mwaka 1994 alitaka tu kujua ni watu wangapi wanaosoma wasifu wake aliouweka mtandaoni, akajiandikia programu ndogo ndogo za kumsaidia. Juni 1995 alizitoa hadharani ili kila mtu azitumie. Baadaye vijana wawili wa Israeli, Zeev Suraski na Andi Gutmans, waliijenga upya lugha hiyo, na toleo la tatu likatoka mwaka 1998. Mchuzi ukakolea. Hivi leo programu inayoendesha kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, imeandikwa kwa PHP. WordPress, ambayo watu wengi huitumia kujitengenezea tovuti, nayo ni PHP.

Sasa PHP hufanya kazi wapi? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ukibonyeza kiungo kwenye rununu yako, ombi husafiri hadi kwa tarakilishi nyingine iliyo mbali, ambayo tunaiita seva. PHP iko huko kwa seva. Husoma maagizo, hupiga hesabu, huandika ukurasa mzima, kisha ukurasa ulio tayari ndio hutumwa kwako.

Ni kama mkahawani, bwana. Wewe umekaa mezani, umeagiza chapati na maharagwe. Jikoni huoni. Hujui mpishi ametia chumvi kiasi gani, wala hujui kama alipima au alikisia. Kinachokufikia ni sahani. PHP ni mpishi huyo. Mnunuzi akiambiwa jumla ni shilingi 1,160, hana njia ya kuingia jikoni kukagua hesabu. Anaamini tu. Kwa hivyo aliye jikoni ana dhamana kubwa kuliko anavyodhani, na tukumbuke hilo tunapoendelea.

Kigeu na thabiti

Programu yoyote huhitaji mahali pa kuweka thamani. Katika PHP kuna mahali pa aina mbili.

Aina ya kwanza ni kigeu. Jina lake huanza na alama ya dola, na thamani iliyomo hugeuzwa wakati wowote:

$bei = 1000;
$bei = 1200;

Mwanzo bei ilikuwa 1000, mstari wa pili umeifanya 1200, na ile ya kwanza imekwenda na maji. Kigeu ni kama ubao wa darasani: mwalimu wa hisabati huandika, wa jiografia akaja akafuta. Si vibaya, ndiyo kazi ya ubao.

Aina ya pili ndiyo mada yetu. Hii ikishapewa thamani, imepewa. Ni kama jina la shule lililochongwa kwenye jiwe la langoni. Hata mwalimu mkuu akija na chaki, hawezi kulifuta.

Chamani tulijadiliana sana tuiite nini. Wengine walitaka konstanti. Wengine, nikiwemo mimi, tulipendekeza thabiti, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na ambalo Waarabu wenyewe hulitumia katika hesabu kwa maana hii hii. Thabiti ikashinda. Na ukilitazama lile neno kigeu, utaona limetokana na kugeuka, sawa na kigeugeu, yule mtu ambaye asubuhi yuko huku na jioni yuko kule. Katika programu tunawahitaji wote wawili, mwenye kugeuka na mwenye msimamo. Taabu huanza pale tunapompa kigeugeu kazi ya mwenye msimamo.

Namna ya kuiandika

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya tangu zamani:

define('USHURU', 16);

Ya pili ni fupi zaidi:

const USHURU = 16;

Zote mbili zasema neno moja: kuanzia hapa, USHURU ni 16. Njia ya pili imekubaliwa popote katika faili tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009. Kabla ya hapo ilitumika ndani ya madarasa tu, na madarasa ninayosema si haya yetu ya madawati, ni aina fulani ya mafungu ya programu.

Tofauti yao kubwa ni hii. Ile ya const husomwa mapema, kabla programu haijaanza kutenda, kwa hivyo huwezi kuiweka ndani ya sharti la if wala ndani ya shughuli. Ile ya define hutekelezwa zamu yake inapofika, na kwa sababu hiyo yaweza kuwekwa ndani ya sharti. Mimi hutumia const siku zote isipokuwa pale inapokataa.

Hebu tuitumie sasa:

const USHURU = 16;
$bei = 1000;
$nyongeza = $bei * USHURU / 100;
echo $bei + $nyongeza;

Neno echo humwambia mpishi, "Peleka mezani." Kitakachotokea kwenye kioo ni 1160.

Sheria zake

Kila mchezo una sheria zake, na thabiti pia zinazo. Nitazitaja zile ambazo anayeanza hana budi kuzijua.

Kwanza, thabiti haina alama ya dola. Ukiandika $USHURU umeita kigeu kingine kabisa.

Pili, ni desturi kuiandika kwa herufi kubwa tupu. Hii si sheria ya lugha, ni adabu ya waandishi, ili jicho litambue mara moja kwamba hapa pana jambo lisilogeuka. Lakini jihadhari: USHURU na Ushuru ni vitu viwili tofauti. Zamani uliweza kuiamuru PHP isijali ukubwa wa herufi za thabiti. Ruhusa hiyo iliondolewa kabisa katika toleo la 8.0 la mwaka 2020.

Tatu, jina huanza kwa herufi au kwa kistari cha chini, wala si kwa tarakimu. KIDATO_4 ni jina halali, 4_KIDATO si halali. Na sisi Waswahili tuna mtihani wetu wa ziada: ile alama iliyo katika neno ng'ombe. Kwa PHP alama hiyo ni mwanzo wa maandishi ndani ya nukuu. Ukiandika BEI_YA_NG'OMBE programu itagoma papo hapo. Itabidi uandike BEI_YA_NGOMBE, hata kama mwalimu wa sarufi atakukunjia uso. Herufi nyingine zote za Kiswahili zinapita bila kizuizi, kwa hivyo hapana sababu ya kuona haya kutumia majina ya kwetu.

Nne, thabiti haitangazwi mara mbili. Ukitangaza USHURU kuwa 16, kisha chini ukaandika define('USHURU', 14), PHP itatoa onyo kwamba jina hilo tayari limekwisha kutangazwa, na thamani ya kwanza ndiyo itabaki. Na ukijaribu kuandika USHURU = 14; kama afanyavyo mwenye kigeu, programu haitaanza hata kidogo.

Tano, thabiti huonekana kila mahali. Kigeu kilichoandikwa nje ya shughuli hakionekani ndani yake mpaka kiitwe kwa njia maalum. Thabiti haina mipaka hiyo. Ni kama kengele ya shule, husikika darasani, bwenini na uwanjani.

Sita, thabiti haisomwi ndani ya nukuu. Ukiandika:

echo "Ushuru ni USHURU";

mezani itafika sentensi ile ile, Ushuru ni USHURU, bila tarakimu yoyote. Itoe nje ya nukuu, uiunganishe kwa nukta:

echo "Ushuru ni " . USHURU;

Thabiti yaweza pia kubeba orodha nzima. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2014 tunaweza kuandika hivi:

const POINTI = ['A' => 12, 'A-' => 11, 'B+' => 10];
echo POINTI['B+'];

Mtahiniwa yeyote wa KCSE atatambua orodha hiyo, na jibu ni 10. Sikuimaliza hadi E yenye pointi 1, nafasi haitoshi.

Nyingine zimekuja na lugha yenyewe

Si lazima ujitengenezee kila kitu. PHP huja na thabiti zake tayari. PHP_VERSION hukuambia unatumia toleo lipi. M_PI ni ile pai ya duara ambayo kwenye hesabu za karatasi huwa tunaifupisha kuwa 22 kwa 7. PHP_INT_MAX ni nambari kamili kubwa kuliko zote ambayo PHP huweza kuishika, na katika tarakilishi za biti 64 ni 9223372036854775807. Ukiongeza moja juu yake haiwi tena nambari kamili, hugeuzwa kuwa nambari ya desimali, na tarakimu za mwisho huacha kuaminika.

Kisha kuna zile za kimazingaombwe, kwa mfano __LINE__ ambayo hutaja nambari ya mstari ilipoandikwa. Ukiiandika mstari wa 5 ni 5, ukiihamisha hadi wa 40 ni 40. Huitwa thabiti, lakini hutegemea mahali ilipoketi. Kumbe hata miongoni mwa wenye msimamo wamo wanaotazama kiti!

Kisa cha ushuru mwaka 2020

Msomaji anaweza kuuliza, "Yote haya ya nini? Si niandike tu 16 pale ninapoihitaji?" Swali zuri. Nitalijibu kwa jambo lililotokea humu humu nchini.

Tarehe 25 Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umebisha hodi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ushuru wa VAT ungeteremka kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Yaani wafanyabiashara walikuwa na juma moja tu. Kisha tarehe 1 Januari 2021 ushuru huo ulirudi asilimia 16.

Sasa fikiria maduka mawili ya mtandaoni.

Katika duka la kwanza, mwandishi wa programu alikuwa akiandika 16 popote alipohitaji. Iko kwenye ukurasa wa bidhaa, iko kwenye kikapu, iko kwenye risiti, iko kwenye ripoti ya mwezi. Mahali pengine ameandika 0.16, pengine 1.16, kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka. Tangazo limekuja. Anaiambia tarakilishi itafute kila 16 na kuifanya 14. Lo! Shati la kola namba 16 limekuwa namba 14. Tarehe 16 Mei imekuwa tarehe 14 Mei. Na ile 1.16 ya kwenye risiti imekuwa 1.14 ama imebaki vile vile, ikitegemea alivyotafuta. Anarudia kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, usiku kucha. Akirekebisha mahali tisa na kusahau pa kumi, kikapu kitasema 1,140 na risiti itasema 1,160. Mnunuzi ameibiwa shilingi 20, na wala hapana mtu aliyekusudia kuiba.

Ikifika Januari mambo yanageuka upande wa pili. Ukurasa mmoja uliobaki na 14 unamtoza mnunuzi 140 badala ya 160 kwa kila bidhaa ya shilingi 1,000. Serikali inadai 160 yake. Zile 20 zatoka wapi? Mfukoni mwa mwenye duka. Akiuza bidhaa 300 za namna hiyo kabla hajashtuka, amepoteza shilingi 6,000. Kwa duka kubwa hizo ni peremende. Kwa mama anayeuza mikoba na viatu, ni mtaji.

Katika duka la pili, mwandishi alitenga faili moja aliyoiita mipangilio.php, na ndani yake mna mstari huu:

const USHURU = 16;

Kila ukurasa mwingine huanza kwa kuiita faili hiyo:

require 'mipangilio.php';

Tangazo lilipokuja alifungua faili moja, akafuta 6, akaandika 4, akaenda kulala. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliuziba ufa siku ile ya kwanza alipoandika programu, wakati ambapo hapana aliyejua kwamba kuna mvua inakuja.

Faida ya pili haionekani upesi, lakini yaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Anayesoma programu na kukuta USHURU anaelewa. Anayekuta 16 anabaki kukisia: ni ushuru, ni umri, ama ni siku? Jina limebeba maana ambayo tarakimu haina. Ndiyo sababu haifai kabisa kuandika const KUMI_NA_SITA = 16. Siku ushuru utakapoteremka utalazimika kuandika KUMI_NA_SITA = 14, na huo utakuwa uwongo wa mchana. Taja kazi ya thamani, usitaje thamani yenyewe.

Mbona basi iitwe thabiti?

Mjanja wa darasa ataruka hapa: "Mbona mwaiita thabiti, na ndani ya miezi tisa imebadilika mara mbili?"

Nashukuru kwa swali. Neno thabiti halina maana kwamba jambo hilo halitabadilika duniani hadi kiama. Maana yake ni kwamba programu yenyewe haiwezi kuligeuza inapokuwa kazini. Kumbuka mkahawa wetu. Kila ombi linalofika kwa seva ni kama mteja mmoja. PHP huanza kazi, husoma faili, hutangaza thabiti, hupiga hesabu, hupeleka sahani, kisha husahau kila kitu. Mteja wa pili akija, huanza upya. Tangu ombi kuanza hadi kwisha, USHURU haiguswi na mtu. Lakini mwenye duka anaweza kufungua faili na kuibadilisha, na wateja watakaofuata wataikuta thamani mpya. Katiba nayo ni vivyo hivyo: raia wa kawaida hawezi kuifuta mstari asubuhi kwa sababu imemuudhi, lakini kuna utaratibu wa kuirekebisha.

Kutokana na hayo tunaona pia mahali ambapo thabiti haitoshi. Tuseme ni Juni 2020 na mnunuzi anaomba nakala ya risiti ya Februari. Wakati huo alilipa ushuru wa 16. Kama programu inapiga hesabu upya kwa USHURU ya sasa, risiti itatoka na 14, na haitalingana na pesa alizolipa. Dawa yake ni nini? Kila mauzo yanapofanyika, kiwango cha siku hiyo kihifadhiwe pamoja na mauzo hayo kwenye hifadhidata. Ama tuandike shughuli inayochagua kwa kutazama tarehe:

const USHURU_KAWAIDA = 16;
const USHURU_KORONA = 14;

function ushuru_wa_siku($tarehe) {
  if ($tarehe >= '2020-04-01' && $tarehe <= '2020-12-31') {
    return USHURU_KORONA;
  }
  return USHURU_KAWAIDA;
}

Hapa thabiti ni mbili, na kila moja ni ya kweli kwa wakati wake. Tarehe ikiandikwa hivyo, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, PHP huweza kuzilinganisha bila matatizo.

Makosa ya tahajia

Sisi wa Kiswahili tunajua herufi moja inavyoweza kuleta aibu. Katika PHP pia ni hivyo. Tuseme mtu amechoka, badala ya USHURU akaandika USHRUU.

Katika matoleo ya zamani, PHP ilipokutana na jina isilolijua ilikisia kwamba labda ulitaka kuandika maandishi tu, ikaendelea na safari. Ilitoa tangazo dogo ambalo wengi walikuwa wamelizima. Katika toleo la 5, ukizidisha 1000 kwa maandishi hayo unapata sifuri. Ushuru ukawa sifuri, ukurasa ukatoka safi kama kawaida, na mnunuzi akaenda zake akishangilia. Tangu toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, mambo ni mengine. PHP husimama pale pale na kusema thabiti hiyo haijatangazwa. Haiendelei.

Lakini ukikosea tahajia ya kigeu, kwa mfano $ushruu, toleo la 8 bado hutoa onyo tu, kisha hukichukulia kuwa kitupu na kuendelea na hesabu ya sifuri. Kwa hivyo thabiti ina askari langoni, kigeu hakina. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuipenda.

Nini kiwe thabiti na nini kisiwe?

Mimi hujiuliza swali moja: je, thamani hii ina haki ya kubadilika ombi moja likiendelea? Idadi ya mihula katika mwaka, hapana, basi ni thabiti. Jumla ya kikapu, ndiyo, inaongezeka kila bidhaa inapoongezwa, basi ni kigeu. Bei ya unga hubadilika kila mara na hubadilishwa na mwenye duka wala si mwandishi wa programu, kwa hivyo mahali pake ni kwenye hifadhidata.

Mwaka huu chama kiliniachia kazi ya kuandika programu ya matokeo ya mashindano yetu ya insha. Alama ya kufaulu ilikuwa 50. Jioni moja kabla ya matokeo kutolewa, waamuzi walikaa wakakata shauri iwe 60. Alama hiyo ilitumika kwenye orodha ya waliofaulu, kwenye barua ya kila mshiriki na kwenye cheti. Niliiandika hivi:

class Insha {
  const ALAMA_YA_KUFAULU = 60;
}

na kila mahali nikaiita Insha::ALAMA_YA_KUFAULU. Nilibadilisha mstari mmoja. Hebu niambieni, ingekuwaje mwenzetu aliyepata 55 aitwe mbele na orodha, kisha anyimwe cheti mbele ya wazazi? Kosa kama hilo halivunji tarakilishi, huvunja moyo wa mtu.

Zile nukta nne mnazoziona baada ya neno Insha zina jina la ajabu. Wale vijana wa Israeli waliziita kwa Kiebrania, paamayim nekudotayim, yaani nukta mbili mara mbili, na jina hilo limewahi kuwashangaza waandishi wengi walipolikuta kwenye ujumbe wa makosa. Sikieni lile nekuda lilivyo karibu na nukta yetu! Ikiwa Kiebrania kilipata kiti katika lugha ya programu, Kiswahili kina nini hata kisimame mlangoni?

Tahadhari ya mwisho ni juu ya siri. WordPress ina faili iitwayo wp-config.php, ambamo jina la hifadhidata na nywila yake hutangazwa kwa define. Hizo ni thabiti halali, lakini faili ya namna hiyo ni ufunguo wa stoo. Usiigawie marafiki pamoja na programu, wala usiiweke mahali pa umma. Nywila yako haitageuka, sawa, lakini mwenyewe wa stoo atageuka.

Zoezi la msomaji

1. Mstari huu una kosa gani? const 3_MIHULA = 3;
2. Ikiwa MIHULA ni 3, nini kitatokea ukiandika echo "Mihula ni MIHULA";
3. Ukiandika define('MIHULA', 3), kisha define('MIHULA', 2), kisha echo MIHULA, utaona nini?

Majibu: 1. Jina limeanza kwa tarakimu. 2. Yatatokea maneno Mihula ni MIHULA, kwa kuwa thabiti haisomwi ndani ya nukuu. 3. Onyo, kisha 3.

Wenzangu, mwenye swali anitafute chumba cha tarakilishi siku ya Alhamisi baada ya masomo, na asiyekuwa na swali aje na tarakimu aliyoitawanya kila mahali tuitafutie jina.

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili